Shimo la Asubuhi

“Picha siitaki, katibu,” Kornelia alisema. “Nataka jedwali.”

Methodius akacheka, akamsogezea sahani ya sambusa. Ilikuwa Ijumaa mchana, wamekaa kwenye mgahawa wa Wasomali kaskazini mwa Columbus, kompyuta ya Methodius iko wazi katikati yao. Kwenye kioo palikuwa na chati moja: saa zimepangwa chini, na nguzo moja nyekundu imesimama peke yake kama mtu aliyetengwa na kanisa.

“Jedwali la nini tena, dada? Kila kitu kiko hapa. Alhamisi, tarehe kumi na moja Desemba. Vani ya Buffalo. Ufunguo umechukuliwa 8:10 PM, umerudishwa 9:00 PM. Mzee Bisogo kagongwa saa mbili na nusu usiku. Jina la dereva, Gaudiosi. Unataka malaika ashuke akusomee?”

“Chati yako inaanzia saa kumi na mbili jioni.”

“Kwa sababu ajali ilikuwa usiku.”

“Na siku inaanzia wapi?”

Methodius aliirudisha sahani upande wake. Sambusa akaichukua yeye mwenyewe.

Umoja wao wa wahamiaji huko Marekani ulikuwa na vani tatu, moja Louisville, moja Columbus, moja Buffalo, za kuwapeleka watu kliniki, kazini na msibani. Anayechukua ufunguo anaandikwa kwenye tableti: jina, tarehe, saa, safari ya wapi. Yote yanaingia kwenye databesi moja, na Methodius, katibu, ndiye anayeyageuza kuwa chati za kila mwezi. Siku nane zilizopita, vani ya Buffalo ilimgonga mzee Bisogo akitoka mazoezi ya kwaya, ikamvunja mguu, ikaondoka. Namba ya gari hakuiona. Jina la umoja ubavuni aliliona vizuri sana.

Polisi walitaka jina la dereva. Kamati ilikuwa inakutana kesho yake, saa kumi jioni, kutuma barua. Na Gaudiosi alikuwa na intavyuu ya uraia Jumanne. Barua ikienda na jina lake, intavyuu imekwisha, na pengine na yeye amekwisha.

Mwenyekiti, mama Dorcas, alimpa Kornelia mpaka saa hiyo kumi. Alimchagua kwa sababu kazi yake kule Louisville, kwenye ghala la vifurushi, ilikuwa ni kukaa ofisini na kutafuta mahali namba zinapodanganya.

“Na wewe, katibu, Alhamisi ile ulikuwa wapi?”

“Mimi?” Methodius akajipangusa mdomo. “Hapa hapa Columbus. Nikatafute nini Buffalo na theluji ile?”

Kornelia akaandika jibu kwenye daftari, neno kwa neno, akafunga kalamu.

Alipofika kwenye gari lake alimpigia Gentille. Gentille ndiye mwenye funguo za databesi yenyewe, anakaa Iroquois, Louisville, na kiwandani anaingia zamu ya mchana.

“Allô, da Kornelia. Niko kazini, sema mbio.”

“Nahitaji jedwali la vani. Miji yote mitatu, miezi mitatu.”

“Bon. Zile colonnes, safu, ziko kwa dashibodi ya katibu, ao zote?”

“Zote. Hata zile ambazo hakuna mtu anaziangalia.”

“Ziko mingi, nakuambia. Kuko hata zenye machine inajiandikia yenyewe.”

“Hizo hasa.”

“Donc kesho asubuhi. Na ufanye kopi kwanza, usinifanyie kama mwaka ule. Ulifuta mistari makumi ine ukasema ni mimi.”

“Nilikuwa najifunza.”

“Ulikuwa mubaya!” Gentille akakata simu.

Kornelia akawasha gari. Mpaka Buffalo zilibaki saa tano.

*

Kisanduku cha funguo kilikuwa kimetundikwa sebuleni kwa mama Editha, mwandikaji wa funguo, Riverside, Buffalo, katikati ya kalenda ya kanisa na saa ya ukutani. Nyumba ndogo, joto limewashwa mpaka madirisha yanatoa jasho. Tableti ilikaa juu ya meza, imevishwa kitambaa alichofuma mwenyewe kambini Tanzania na kuja nacho.

Kornelia alipoingia Jumamosi asubuhi, Gaudiosi alikuwa ameshafika. Amekaa kwenye kochi na koti lake zito, zipu mpaka kidevuni.

“Mwambie avue koti,” mama Editha alisema. “Mimi amenikatalia.”

“Nimezoea, mama. Wakija kunichukua niwe tayari.”

“Nani anakuja? Wataanzia kwangu hapa.”

Kornelia alivuta kiti. “Kaka Gaudiosi, Alhamisi ile ulichukua ufunguo?”

“Nilichukua. Mchana, nimetoka zamu. Nilikwenda kubeba kabati nililopewa na mtu wa North Buffalo, nikakuta mlango umefungwa. Nikarudisha gari.”

“Mwenye kabati alikuona?”

“Angeniona ningerudi na kabati.”

“Usiku ulikuwa wapi?”

“Kitandani. Naamka saa tisa za usiku, dada. Saa mbili mimi nishakuwa marehemu.”

“Nani anajua?”

“Mke wangu. Na katibu ameshasema mke si shahidi.” Akakunja mikono. “Nimewaambia ni mchana. Wakasema kompyuta imesema usiku, na kompyuta haina sababu ya kunionea.”

Kornelia akamgeukia mama Editha. “Mama, wewe unaandika muda ule ule, au unaweka mpaka jioni?”

“Muda ule ule! Mtu haondoki na ufunguo hapa kabla sijamwandika. Niulize kitu kingine.”

“Siku ile alikuja nani?”

“Siku tisa, mwanangu! Nimegawa funguo mara ngapi tangu hapo? Mimi sikai na saa kichwani. Nimeandika humo, tazama humo.”

Simu ya Kornelia ikalia. Faili la Gentille lilikuwa limefika.

Akafungua kompyuta juu ya meza ya chakula. Kwanza alifanya kopi, akaipa jina lenye tarehe, ile ya asili akaiacha bila kuigusa. Pili akahesabu mistari: mia sita kumi na tatu. Akamwandikia Gentille, “Kwako ni ngapi?” Jibu likarudi, “613.” Hapo ndipo alipoanza kusoma. Safu zilikuwa kumi na saba. Dashibodi ya Methodius ilikuwa inatumia tano tu. Safu ya mwisho haikuwa hata na jina la maana, imeandikwa c17, na ndani yake kuna saa nyingine, tofauti na zile walizoandika watu. Ya nani? Hakujua bado. Akaiacha.

Akachora siku ile ya Alhamisi upya, safari hii kuanzia usiku wa manane mpaka usiku wa manane mwingine.

Zikatoka nguzo mbili.

“Kumbe siku ile mlikuwa wawili,” Kornelia alisema. “Wewe 8:10 PM. Na huyu hapa, 2:05 PM.”

Gaudiosi aliinama kwenye kioo. “Methodius?”

“Ah, katibu,” mama Editha akasema kutoka jikoni. “Ndiyo, alikuja kurekebisha intaneti. Akaomba gari akanunue waya. Sikukumbuka kama ni siku hiyo hiyo, wala saa.”

Kornelia alikuwa ameshabonyeza namba ya Columbus.

“Katibu, jana uliniambia Alhamisi ile hukufika Buffalo.”

Methodius akapunguza sauti. “Nimesahau, dada. Nilipita tu.”

“Ukachukua vani.”

“Mchana! Si umeona mwenyewe? Ni mchana hiyo. 2:05 PM mpaka 3:00 PM, halafu nikarudi nyumbani. Mzee kagongwa usiku. Mtu akisahau safari ndiyo ameua?”

“Hakuna aliyesema umeua.”

“Basi tuonane saa kumi.” Akakata.

Gaudiosi alijitupa kwenye kochi. “Si unaona? Amedanganya, lakini gari alilirudisha mchana. Bado ni mimi.”

“Bado,” Kornelia alisema. “Mama, kuna chai?”

Alipoletewa chai hakuinywa. Alichukua mistari yote mia sita kumi na tatu, akaipanga kwa saa za siku, chati moja. Ilitoka kilima kikubwa kisicho na maana. Ndipo akaigawa kwa miji: Louisville juu, Columbus katikati, Buffalo chini, zote tatu kwa kipimo kimoja.

Louisville ilikuwa na kilima asubuhi na kilima jioni. Columbus vilevile, kama mapacha. Buffalo haikufanana na mtu.

“Njooni,” alisema. “Niambieni mnaona nini hapa chini.”

“Nguzo,” mama Editha alisema.

“Na mahali pasipo na nguzo?”

Mama Editha akavaa miwani. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita mchana palikuwa peupe. Shimo tupu. Kwa miezi mitatu, hakuna hata mtu mmoja aliyechukua ufunguo Buffalo asubuhi.

“Uongo huo,” mama Editha alisema. “Asubuhi ndiyo nagawa funguo mpaka nachoka. Watu wote wa kliniki ni asubuhi.”

“Wa kliniki nimewaona. Hawa hapa.” Kornelia akaweka kidole. “3:00 AM, kliniki. 2:30 AM, kliniki, meno. 4:00 AM, kliniki, mtoto chanjo. Saa kumi usiku nani anampeleka mtoto chanjo?”

Gaudiosi akacheka bila kupenda. “Daktari popo.”

“Tableti yako inaonyesha saa sahihi, mama?”

Waliiangalia. Pembeni juu, kwa maandishi madogo kama chawa, ilisema 10:20 AM. Saa ya ukutani ilisema vilevile. Tableti haikuwa na kosa. Kornelia akagonga kalamu mezani mara mbili, akasimama.

“Mama, nipe ufunguo wa vani.”

“Unakwenda wapi?”

“Kliniki. Niandike kama unavyomwandika mtu yeyote.”

Mama Editha alimtazama kwanza, akaona hataniwi. Akavua kitambaa, akaandika jina kwa kidole kimoja. Akaandika tarehe. Akainua macho kwenye saa ya ukutani, mshale mfupi umekaa kwenye kumi, akasema kwa sauti, “Saa nne na dakika ishirini.” Kidole kikabonyeza nne. Kikabonyeza ishirini. Kikabonyeza AM.

4:20 AM.

“Haya, umeandikwa. Nenda ukatibiwe.”

Hakuna aliyecheka.

“Mama,” Kornelia aliuliza taratibu, “PM unaibonyeza wakati gani?”

“Asubuhi ikiisha. AM asubuhi, PM mengine yote, mchana, jioni, usiku. Kwani vipi?”

“Louisville na Columbus wanaoandika ni vijana waliosoma shule za huku. Wewe unahesabu saa zetu.”

“Saa ni saa! Jua linatoka, unaanza moja. Walitaka nianzie wapi?”

Gaudiosi alikuwa amesimama. Alizungumza polepole, kama mtu anayevuka barafu. “Mimi nilichukua saa nane mchana.”

“Umeandikwa 8 PM.”

“Na mtu akija saa mbili usiku?”

“Anaandikwa 2 PM.”

Wote watatu waliangalia kioo. Nguzo mbili. 2:05 PM, Methodius. 8:10 PM, Gaudiosi. Walikuwa wamebadilishana viti tangu siku ile ile, na hakuna aliyewagusa.

Mama Editha akakaa chini. “Kwa hiyo mimi ndiye nimemchoma mtoto wa watu.”

“Mama, hata mimi ningeandika hivyo hivyo,” Gaudiosi alisema.

“Lete hiyo tableti, nisahihishe yote sasa hivi.”

“Usiguse!” Kornelia aliishika meza. “Usifute hata moja. Ukisahihisha tu, katibu atasema tumepika. Lililoandikwa linabaki kama lilivyo, tunaongeza safu nyingine pembeni. Na hata hivyo haitoshi. Hii bado ni hesabu yetu. Atasema siku hiyo moja mama aliandika vizuri. Nahitaji shahidi ambaye hahesabu kwa vidole.”

Akampigia Gentille.

“Nitumie faili upya.”

“Da Kornelia, natoka kuoga! Maji inatiririka!”

“Jipanguse. Mistari iwe mia sita kumi na nne. Ikija kumi na tatu, siyo mpya.”

Faili lilifika baada ya dakika saba. Mia sita kumi na nne. Kornelia akashuka mpaka mstari wa mwisho, jina lake mwenyewe, safari ya kliniki. Saa iliyoandikwa na mama Editha: 4:20 AM. Akasogea kulia, safu baada ya safu, mpaka ile c17.

10:20 AM.

“Hii inajiandika yenyewe,” alisema. “Mtu akibonyeza kuhifadhi tu, mashine inaweka saa yake pembeni. Huu mstari tumeuona ukizaliwa, tunajua ukweli wake. Safu hii imesema kweli.”

“Nenda kule kwa Alhamisi,” Gaudiosi alisema.

Kornelia alikuwa ameshafika. Gaudiosi, c17: 2:10 PM. Methodius, c17: 8:05 PM.

Gaudiosi aliweka mkono kwenye zipu ya koti, akaiacha. “Saa kumi haijafika,” alisema.

*

Saa kumi kamili jioni nyuso za kamati zilijipanga kwenye kioo. Mama Dorcas, Louisville, na daftari lake. Gentille na kilemba. Methodius, Columbus, na tai. Mzee Bisogo alikuwa kitandani kwake, mguu uko kwenye plasta, mjukuu amemwekea simu kwenye mto.

“Nimeandaa barua tayari,” Methodius alisema. “Tusipoteze muda, watu wana kazi.”

“Kwanza Kornelia,” mama Dorcas alisema.

Kornelia, kwenye meza ya mama Editha, akaonyesha chati tatu, moja juu ya nyingine. Akahesabu moyoni mpaka kumi.

“Mwenyekiti, Buffalo ina asubuhi?”

“Kila mji una asubuhi.”

“Kwenye databesi yetu haina.” Akawaonyesha shimo. Akawaonyesha chanjo ya saa kumi usiku, na hapo mama Dorcas akaguna. Akamwomba mama Editha aeleze mwenyewe anavyoandika saa, na mama Editha akaeleza, amenyoosha mgongo, hajaomba radhi kwa mtu. Halafu Kornelia akafungua safu ya kumi na saba, kwanza mstari wa kliniki, halafu ule wa Alhamisi.

Methodius alilegeza tai. “Hiyo safu hata jina haina. Mashine nayo inakosea.”

“Bon, ile machine ulituchagulia ni wewe, katibu,” Gentille alisema. “Ulituapia hapa hapa haikosei hata siku moja.”

“Chati mimi nilichora kwa saa zilizoandikwa. Chati ndiyo ilisema Gaudiosi.”

“Chati yako uliikata,” Kornelia alisema. “Uliianzisha saa kumi na mbili jioni ili jina lako lisitokee, kwa sababu jina lako lilikuwa limekaa mchana, na wewe ulijua mchana ule ulikuwa bado uko barabarani unakuja. Uliona kosa. Ukalinyamazia kwa kuwa lilikuwa linakufaa.”

“Unadhani tu.”

“Basi tuambie waya wa intaneti ulinunua duka gani saa nane mchana.”

Methodius akaivua tai kabisa. Akaiweka mezani.

Kutoka kwenye mto, sauti ya mzee Bisogo ikaja kavu. “Katibu. Lile gari lilisimama. Mimi niko chini, nikasikia mlango umefunguliwa. Nikasema, Mungu mkubwa, mtu anakuja. Halafu mlango ukafungwa.” Akakohoa. “Ulikuwa wewe?”

Nyuso zote zikasogea karibu na kioo. Methodius alikuwa anaangalia kitu kilicho chini ya meza yake.

“Niliogopa, mzee,” alisema.

Mama Dorcas akafunga daftari. “Barua uliiandika wewe. Ifungue tuione wote.”

Barua ikatokea kwenye kioo. Fupi, safi, imepangwa vizuri. Mstari wa tatu: dereva wa vani usiku huo alikuwa Gaudiosi. Mshale wa kompyuta ukaenda juu kabisa, ukaanza kufunika maandishi yote.

“Usifute yote,” Kornelia alisema. “Tarehe ni sahihi. Saa ni sahihi. Badilisha jina tu.”

Mshale ukasimama. Ukarudi mstari wa tatu. Herufi za Gaudiosi zikatoka moja moja, kuanzia mwisho, mpaka pakabaki nafasi tupu na kile kijiti kinachowaka na kuzima.

“Tunasubiri, katibu,” mama Dorcas alisema.

Ikatokea M.

Riverside, mama Editha aliangalia saa ya ukutani, halafu, kwa mara ya kwanza, akaangalia na zile namba ndogo za juu ya tableti. Nyuma yake zipu ililia kwa muda mrefu. Gaudiosi alivua koti, akalikunja, akaliweka kwenye mkono wa kochi.

“Mama,” alisema, “ile chai bado ipo?”